Harufu ya Masale Mpakani

Usiku ule baba alipoletewa isale, masale ya mpakani yalikuwa yamechanua. Nilikuwa darasa la sita. Mlango wa jiko ulikuwa wazi ili moshi utoke, na harufu ile, tamu na nzito, iliingia ikashinda moshi wa kuni na mvuke wa ndizi zilizokuwa zikitokota. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, anapepeta ulezi. Akasimamisha ungo, akainua uso na kusema, "Kuna mtu anakuja." Mbwa alikuwa bado hajabweka.

Kwetu ni Old Moshi, upande wa Kidia, kwenye mteremko wa Kilimanjaro ambako kihamba (shamba la ukoo) cha mmoja kinaishia pale cha mwenzake kinapoanza. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, nimestaafu, na mpaka sasa nikiulizwa ujirani wa Kikristo ni nini, jibu linalonijia kwanza ni harufu ile. Kwa hiyo naandika habari za mmea, na za desturi yake iliyoingia kanisani kwetu kupitia mlango wa jikoni.

Kwa asiyelijua, isale ni mmea wa jamii ya drasena. Shina lake ni jembamba, lina makovu ya majani yaliyoanguka, na kileleni hubeba majani marefu yanayong'aa, yanayofanana na ya mahindi ila ni mazito zaidi. Dar es Salaam huuzwa kwenye vyungu kando ya barabara. Ulaya na Marekani huwekwa sebuleni na maofisini, na humo ndani ni nadra sana kuchanua, kiasi kwamba wengi wanaolimwagilia kila wiki hawajui kuwa lina ua. Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Sweden, alipoliingiza katika vitabu vyake mwaka 1762 alilipa jina la Kilatini *fragrans*, yaani lenye kunukia. Nilipolikuta jina hilo nikiwa mtu mzima nilifurahi, kwa sababu mtu wa mbali vile alishika jambo lilelile ambalo bibi yangu angelitaja kwanza.

Mchana maua yake hayana la kusimulia. Ni vishada vidogo vyeupe vyenye wekundu kwa mbali, vimefumba, na mtoto anaweza kupita chini yake asivione. Jua likizama hufunguka. Harufu hutoka jioni na kuzidi kadiri giza linavyozidi, kwa maana wanaoitwa ni nondo na wadudu wengine wa usiku. Alfajiri imeshapungua, na saa tatu asubuhi unaweza kuuliza kama uliota. Tena halichanui kwa kalenda. Kahawa tunaijua: mvua ikinyesha baada ya kiangazi, siku chache baadaye mteremko mzima huwa mweupe na kunukia kama asumini, kila mtu anahesabu matawi na kuwaza ada za shule. Masale hayakumpa mtu ada. Huchanua yakitaka, pengine miaka ikapita, kisha usiku mmoja unatoka nje kumwaga maji machafu na unasimama na beseni mkononi.

Katika Kiswahili, kunuka na kunukia ni maneno mawili. Wanafunzi wangu walidhani tofauti ni ya ubaya na uzuri tu. Nilikuwa nawaambia watazame ile herufi iliyoongezeka. Ni ileile iliyo katika kupikia, kulimia, kuimbia. Kunukia ni kunuka kwa ajili ya mtu, harufu yenye wa kumwendea.

Tangu zamani Wachagga walipanda masale mpakani. Sababu moja ni ya mkulima: kipande cha shina urefu wa mkono ukikichomeka ardhini kinashika, kikikatwa kinachipua upya, na wakati wa kiangazi mistari ya masale hubaki kijani vingine vikinyauka, kwa hiyo mpaka unaonekana. Lakini isale halina mwiba. Mbuzi anapita, mtoto anapita, mwizi anapita bila hata kuinama. Mpaka wa masale haumzuii mtu yeyote. Unasimama kwa sababu pande mbili zimekubali usimame. Na kwa kuwa hupandwa kwa vipande, mara nyingi mstari mzima umetoka katika shina moja lililokatwa siku ile wazee wawili walipokubaliana, kwa hiyo upande wa kwetu na upande wa jirani ni mmea mmoja uliogawanywa.

Yalipandwa pia makaburini. Babu na baba zake walizikwa ndani ya kihamba, na masale yakaonyesha mahali walipolala. Na jani la isale ndilo lililobebwa na mkosaji anapoomba msamaha. Wengi wa makabila mengine wamelisikia hilo kama mzaha wa harusini, kijana aliyetoroka na binti wa watu anarudi na isale, mbuzi na mbege, pombe yetu ya ndizi, ili baba mkwe atulie. Mzaha upo, na mbege ipo, lakini shina la desturi ni zito. Mwenye kosa hukata jani, hulifunga fundo, na humtafuta mtu mzima wa kumtangulia. Aliyekosewa akiona jani, mkono wake umefungwa. Anaweza kudai fidia, anaweza kutaja masharti, anaweza kusema yote aliyoyaweka moyoni, lakini kulikataa jani hawezi. Kulikataa ni kujiletea laana wewe na uzao wako. Wazee waliliogopa jambo hilo kuliko deni.

Desturi hii si ya Kilimanjaro peke yake. Upareni na Usambara drasena husimama mipakani pia, na mbali kabisa, kwenye nyanda za juu za Kamerun, watu wa huko huiita *nkeng* na huibeba kama ishara ya amani. Bara zima kati yetu na wao, wala hakuna anayejua nani alimfundisha nani, na mmea ni uleule. Nadhani waliochagua kila mahali waliona mambo matatu, kwamba hauna mwiba, haufi upesi, na usiku harufu yake haijui mpaka.

Injili ilifika kwetu kwa vituo. Johannes Rebmann alipita Uchagani mwaka 1848 na akauona mlima wenye theluji; Ulaya wakambishia. Mwaka 1885 wamisionari wa Kianglikana wa CMS walijenga kituo Old Moshi kwa Mangi (chifu) Rindi, wakaondoka mwaka 1892 katika vurugu za Wajerumani. Wakatoliki walikuwa wameshaanza Kilema mwaka 1890. Walutheri wa Leipzig walianza Machame mwaka 1893, kisha wakaja na huku kwetu.

Halafu kuna tarehe ambayo Mkristo wa Old Moshi hana ruhusa ya kuiruka. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mwana wa Rindi, pamoja na viongozi wengine wa Uchagani. Mti ulikuwa hapahapa. Bibi aliambiwa na mama yake kwamba watu waliitwa watazame. Walioleta kitabu na walioleta kamba walizungumza lugha moja, na babu zetu walilazimika kupambanua peke yao nani ni nani. Walibatizwa wakiwa na jeraha hilo. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha Songea kwa mauaji ya Majimaji, na mwaka huohuo majibu ya vinasaba yaliunganisha mafuvu kadhaa ya Wachagga yaliyohifadhiwa Berlin na jamaa zao walio hai. Fuvu la Meli halikupatikana. Kwa desturi ya kwetu isale huja pamoja na kilichochukuliwa, na hicho bado hakijaja.

Katika nchi hiyo iliyojeruhiwa ndimo alimoingia Bruno Gutmann, mwaka 1902. Alikuwa mzaliwa wa Dresden, akafanya kazi upande wa Machame na Masama, kisha akahamia Old Moshi. Aliondolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akarudi katikati ya miaka ya 1920, akabaki hadi mwaka 1938. Alisikiliza wazee kuliko mzungu yeyote wa wakati wake. Mwaka 1926 alichapisha kwa Kijerumani kitabu kinene juu ya sheria za Wachagga, na hoja aliyoishikilia maisha yake yote ni kwamba kanisa lisijengwe kwa mtu mmojammoja aliyeng'olewa kwao. Lijengwe juu ya vifungo ambavyo Mungu ameshawapa watu: ukoo, ujirani na rika.

Nimemsoma Gutmann kupitia wafasiri na ninamlaumu kwa jambo moja. Alipenda Uchagga wa zamani kiasi cha kuwashuku vijana waliotaka shule, kahawa na biashara. Vijana hao hawakumngoja. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU. Lakini juu ya ujirani alikuwa sahihi, na usharika wetu ni ushahidi. Mpaka leo jumuiya zetu za sala hufuata mstari wa mfongo, yaani mfereji wa maji, na njia ya kihamba. Unayesali naye nyumbani kwake Jumatano alfajiri ndiye ambaye mbuzi wake alikula mahindi yako Jumanne.

Hapo ndipo penye ugumu. Ukristo wa jirani hauna pa kujificha. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na jirani yetu wa bondeni alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya usharika. Mvua za masika za mwaka mmoja zilibomoa kingo za mfongo uliopita mpakani. Mfongo ulipochimbwa upya, baba alisema masale yamesogezwa hatua mbili kuja kwetu. Jirani alisema ardhi ndiyo iliyosogea. Wakafika kwa viongozi wa kijiji, kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Maneno yakatoka midomoni ambayo hayarudi. Mama alikatazwa kuchota maji kwa zamu ya kina mama wa bondeni. Sisi watoto tulikatazwa kupita njia ya mkato, tukazunguka kwa robo saa kwenda shule.

Kanisani kulikuwa na taratibu. Wenye ugomvi wa wazi hawakuisogelea meza ya Bwana mpaka wapatane. Baba hakungoja kutengwa, alijitenga mwenyewe. Miezi kumi na minne alibaki kwenye benchi watu wakienda kushiriki, na upande wa pili, karibu na dirisha, jirani naye alibaki. Kila mmoja alimwona mwenzake amekaa. Nimewaza sana juu ya miezi ile. Walikuwa wakweli kuliko wengi wetu tunaopiga magoti leo huku tumeshikana makoo.

Mchungaji alikuja nyumbani mara mbili. Mwinjilisti alikuja mara nyingi zaidi. Walisoma Maandiko, waliomba, baba aliitikia amina, na kesho yake alikuwa yuleyule. Neno alilikubali, lakini hakuwa na pa kuweka mikono yake.

Ndipo, usiku ule wa masale, mbwa akabweka. Aliyeingia uani ni mzee tuliyemwita Meku, aliyezidi umri wa kila mtu mtaani. Taa ya chemli ya mama ilimulika mkono wake: jani moja la isale, limefungwa fundo. Hakuketi alipokaribishwa.

"Mwanangu, nimetumwa. Unaona nilichobeba."

Baba alikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa mlangoni, naye alikuwa ameangalia chini. Halafu akasema, "Naona, Meku."

"Basi pokea. Mkono wa mzee unachoka."

Nje ya ua, kwenye giza la mpakani, palikuwa na mtu amesimama chini ya masale, upande wa kwao. Hakuvuka. Tulimjua kwa koti lake jeupe la bendi. Alikuwa amelivaa usiku ule, sijui kwa nini, labda ndilo lililokuwa la heshima. Maua yalikuwa juu ya kichwa chake. Harufu ilikuwa imejaa kwetu, na ilikuwa imejaa kwake.

Bibi alinena kutoka kwenye kigoda, kwa Kichagga, bila kuinua sauti: mgeni haachwi na jani mkononi usiku.

Baba akanyanyuka akalipokea kwa mikono miwili. Halafu akafanya jambo ambalo desturi haikumdai. Alitoka mpaka kwenye masale, akavuka yeye. Sikusikia waliloambiana. Waliporudi pamoja, kwa kuwa baba hakuwa mnywaji tangu alipokuwa mzee wa kanisa, Bibi aliwapa maziwa mgando katika kata moja, wakapokezana. Jirani alisema kwamba alichomeka vipande viwili upande wa kwetu kwa hasira, usiku, na kwamba vilipomea aliona aibu kila alipovipita. Baba alisema kwamba naye aliapa mbele ya kijiji hatua mbili wakati alijua ni moja.

Miaka mingi baadaye, Bibi akiwa mgonjwa, nilimwuliza alijuaje kuna mtu anakuja. Alicheka. Ni yeye aliyekuwa amemwendea Meku juma zima kabla, na Meku akamwendea jirani. Walikuwa wakingoja usiku unaofaa. Masale yalipoanza kufungua vishada, Meku alituma neno kwamba ni leo, kwa kuwa kwa fikra za wazee mtu hawezi kuwa mkali sana hewani mkiwa na harufu ile. Bibi yangu alibatizwa akiwa msichana, alijua Katekisimu kwa moyo, na hakuona hata siku moja kwamba jani lile lilikuwa la upande mwingine. Alisimulia kwamba wapo walimu wa mwanzo walioliangalia kwa shaka, kama mabaki ya upagani. Yeye alisema Ruwa, yaani Mungu kwa Kichagga, ndiye aliyelipanda kabla wao hawajafika.

Jumapili iliyofuata usiku ule, baba na jirani waliitwa mbele ya usharika. Mwinjilisti alichagua Zaburi ya 133, ile fupi ya ndugu wakaao pamoja, ambayo inalinganisha umoja wao na mafuta yanayotiririka kutoka kichwani mwa Haruni hadi kwenye ndevu na upindo wa vazi. Kwa watoto ilikuwa picha ya ajabu, mzee kumwagiwa mafuta yote yale. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipofungua kitabu cha Kutoka, sura ya 30, nikaona mafuta yenyewe yalivyotengenezwa: manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane 250, kida 500, na zeituni hini moja. Yalikuwa manukato. Hivyo Zaburi inazungumza juu ya harufu: huwezi kumwagia kichwa cha mmoja mafuta ya namna hiyo katika chumba cha watu na mwingine asiyapate. Na sura hiyohiyo inakataza mtu kutengeneza mengine ya mfano huo. Atakayefanya hivyo hukatiliwa mbali na watu wake. Harufu ile haikuwa ya mtu kujiwekea.

Siku ile wale wawili walikwenda mezani pamoja. Baada ya ibada kulikuwa na mnada wa sadaka kama kawaida, ndizi, mayai na kuku, na jirani alinunua mkungu wa ndizi ambao mama alikuwa ameutoa. Alilipa zaidi ya bei. Nyumbani, baba alichomeka lile jani juu ya kizingiti cha mlango. Lilikauka likawa la rangi ya kahawia, fundo halikufunguka, na lilikuwepo bado tulipomzika. Juu ya kaburi lake aliyechomeka isale la kwanza alikuwa mtoto wa yule mpiga tarumbeta.

Sasa vihamba vimegawanywa mpaka vimekuwa vyumba. Watoto sita waligawana nusu ekari, wajukuu wakagawana hatua. Wenye fedha kutoka mjini hujenga ukuta wa matofali wenye vipande vya chupa juu yake, na hatua ya kwanza ya fundi ni kung'oa masale. Nawaelewa. Wizi upo, na mji umepanda mlimani. Lakini nimekaa katika jumuiya ambamo kesi tatu za mpaka ziko baraza la ardhi kwa wakati mmoja, wahusika wote ni washarika, wote wanashiriki Chakula cha Bwana, na hakuna mmoja aliyewahi kubaki kwenye benchi. Tumefundishwa kusamehe kwa jumla, kwa mdomo, katika sala ya Bwana. Kumtafuta mzee, kukata jani, kusimama gizani kwenye mpaka wa mtu ukingoja atoke, hilo hatufundishi tena katika Kipaimara. Nami naamini tunakosea, na nimewaambia wachungaji wetu wawili hivyo.

Ukutani harufu haipandi vizuri. Nimejaribu, nimesimama nje ya ukuta wa ndugu yangu mwenyewe, masale machache yakiwa yamechanua upande wetu, na ndani kwake mwanawe aliniambia hasikii kitu.

Ndugu msomaji unayepanda mlimani kwenda nyumbani Desemba, ukikuta fundi ameshachimba msingi mpakani, mwombe akuachie mashina kabla hayajatupwa. Kata vipande urefu wa mkono, chomeka penye unyevu upande wako wa ukuta, na umpe jirani vipande viwili au vitatu achomeke wa kwake. Mwagilia majuma ya mwanzo. Yanashika.